Hayakuwa Zilipendwa: Magitaa ya Fender ya Miaka ya CBS

Kwa wapenda magitaa ya umeme, kuna maneno matatu tu yanayoweza kupandisha bei ya kipande cha mbao na waya mara kadhaa: "kabla ya CBS". Muuzaji akiyatamka, mnunuzi hunyamaza. Gitaa likiwa la baada ya hapo, kwa miaka mingi ni muuzaji ndiye aliyeshusha sauti na kutafuta kitu kingine cha kusifia: rangi haijachubuka, sanduku lake la awali lipo, mwenyewe wa kwanza hakulipiga sana.

Mpaka huo una tarehe. Januari 1965 Leo Fender aliiuza kampuni yake ya Fullerton, California, kwa CBS, shirika kubwa la redio na televisheni la Marekani, kwa dola milioni 13. Ili uelewe ukubwa wa fedha hizo: mwaka mmoja nyuma, CBS hiyo hiyo ilinunua asilimia 80 ya New York Yankees, timu maarufu kuliko zote za besiboli, kwa dola milioni 11.2. Kiwanda cha magitaa na spika kilikuwa kimelipiwa zaidi ya hisa hizo za Yankees. CBS ilikaa na Fender miaka 20, ikaachana nayo 1985. Yote yaliyotengenezwa katikati ya tarehe hizo mbili yalibandikwa jina moja: magitaa ya wahasibu. Vitu vilivyotengenezwa na watu waliojua kuhesabu lakini hawakujua kusikiliza.

Sisi Waswahili tuna neno zuri, zilipendwa, kwa nyimbo za zamani ambazo hakuna anayebisha kuwa ni nzuri. Magitaa haya hayakuwa zilipendwa. Yalizaliwa yakisemwa, yakakua yakisemwa. Halafu, taratibu, wakatokea watu waliokuwa nayo majumbani, wanayapiga kila siku, wakaanza kuuliza: hivi ubaya wake hasa ni upi? Makala hii inahusu swali hilo, na watu hao. Maana ninavyoisoma historia hii, enzi ya CBS haikuokolewa na wanahistoria wala wauzaji. Iliokolewa na watu ambao hawakuwa na hela ya kununua ile nyingine.

Fundi redio

Tuanze na hekaya yenyewe, kwa sababu ina nusu ya ukweli. Hekaya inasema kulikuwa na fundi mwenye mikono ya dhahabu, akachonga magitaa moja moja, kisha likaja shirika la kibiashara likamgeuzia karakana kuwa kiwanda.

Leo Fender alikuwa fundi kweli, lakini fundi redio. Alifungua duka lake la kutengeneza redio Fullerton mwaka 1938. Gitaa lenyewe hakujua kulipiga, na hakuwahi kujifunza. Alichokijua ni umeme, na alichokipenda ni kitu kinachoweza kufunguliwa, kutengenezwa na kufungwa tena. Kampuni yake ilianza 1946. Mwaka 1950 ilitoa gitaa lililoitwa Broadcaster. Jina likaleta mgogoro na kampuni nyingine iliyokuwa na ngoma zenye jina kama hilo, hivyo 1951 likawa Telecaster. Mwaka huo huo likaja besi la umeme, Precision Bass. Stratocaster ilifuata 1954, Jazzmaster 1958, Jazz Bass 1960.

Ujanja mkubwa wa Leo ulikuwa kwenye shingo. Mafundi wa Gibson, wapinzani wake, waliigundisha shingo kwenye kiwiliwili kwa gundi, kama watengenezaji wa fidla walivyofanya kwa karne nyingi. Leo aliifunga kwa skrubu nne na kibati. Shingo ikipinda, unaitoa, unaweka nyingine, unarudi kazini. Wajuzi wa wakati ule walicheka. Waliliona gitaa lake kama ubao wa kukatia vitunguu uliowekewa nyuzi.

Kwa hiyo, la kwanza la kukumbuka: Fender ilikuwa kiwanda tangu siku ya kwanza. CBS haikuleta kiwanda mahali penye karakana. Ililetewa kiwanda kilichokuwa kinafanya kazi vizuri, ikataka kifanye kazi kwa kasi zaidi.

Kwa nini Leo aliuza? Alikuwa mgonjwa. Maambukizi yalimsumbua kwa miaka, akaamini siku zake zinahesabika, akaamua aweke mambo sawa. Baada ya kuuza akabadili daktari, akapona. Aliishi hadi 1991. Kama kuna kejeli katika historia ya ala za muziki, hii iko mstari wa mbele.

Yaliyobadilika

Magitaa yaliyotoka kiwandani Januari 1965 hayakuwa tofauti na ya Desemba 1964. Watu wale wale, mashine zile zile, mbao zile zile zilizokuwa zimeshalala stoo. Mabadiliko yalikuja kidogo kidogo, na wenye magitaa wanaweza kukutajia kila moja na mwaka wake kama mtu anayetaja majina ya wanawe.

Kwanza kichwa cha Stratocaster kikawa kikubwa, mwishoni mwa 1965. Nembo kubwa huonekana vizuri kwenye televisheni, na mmiliki mpya alikuwa mtu wa televisheni. Kisha, kuelekea 1968, rangi ikabadilika: badala ya vanishi nyembamba ya nitroselulosi inayozeeka na kupasuka kama ngozi, ikaja poliesta, ngumu na nene, inayong'aa kama sahani. Mwaka 1971 skrubu nne za shingo ya Stratocaster zikawa tatu. Miaka ya 70 ikaleta pia mbao nzito za mti wa ashi, na magitaa yenye uzito wa zaidi ya kilo nne, mengine yakikaribia tano. Mvae mtu gitaa la kilo tano saa tatu mfululizo halafu umuulize kuhusu mapenzi ya muziki.

Hizi skrubu tatu ndizo zilizobeba lawama zote. Malalamiko yalikuwa hivi: shingo inacheza. Ukiisukuma kidogo kwa kiganja, inasogea, uzi wa juu au wa chini unatelezea ukingoni, gitaa linatoka kwenye tyuni katikati ya wimbo. Malalamiko hayo yalikuwa ya kweli. Kuna magitaa ya miaka ile ambayo hata mwenyewe mwenye mapenzi makubwa hawezi kuyatetea.

Lakini sasa tazama jambo ambalo wapinzani wa skrubu tatu huwa hawalitaji. Mfumo ule, pamoja na kile kidude cha ndani kinachokuwezesha kubadili mwinamo wa shingo bila kuitoa, ulikuwa ubunifu wa Leo Fender mwenyewe. Alipoanza kutengeneza ala tena na kampuni ya Music Man, besi lao maarufu la StingRay la mwaka 1976 lilikuwa na skrubu tatu. StingRay haijawahi kudharauliwa. Watu wanaipenda hadi leo.

Kumbe tatizo lilikuwa kwenye tundu shingo inamokaa. Fullerton ya miaka ya 70, kwa kasi ya uzalishaji, ilikata matundu mapana kuliko shingo. Ukiwa na tundu linalobana vizuri, skrubu tatu zinatosha. Ukiwa na tundu pana, hata sita hazitakusaidia. Wenye magitaa waliligundua hili kwa njia rahisi: walifungua, wakatazama. Wengine waliweka kipande chembamba cha mbao pembeni, wakafunga vizuri, wakaendelea na maisha.

Dhahabu nayo ilikuwa takataka

Kabla ya kuendelea na utetezi, hebu tujiulize jambo moja: hayo ya "kabla ya CBS" yalikuwa yanapendwa lini hasa?

Mwaka 1970 Eric Clapton aliingia duka moja la Nashville akakuta Stratocaster za miaka ya 50 zimening'inizwa, bei ya chini, hazina mwenyewe. Akachukua kadhaa. Moja akampa George Harrison, nyingine Pete Townshend, nyingine Steve Winwood. Tatu zilizobaki akazifungua, akachukua kilicho kizuri kutoka kila moja, akaunganisha gitaa moja jeusi aliloliita Blackie. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu ya skrubu za Leo, na kwa sababu mwaka 1970 Stratocaster ya 1956 ilikuwa mtumba tu. Leo hii ukimfungulia mkusanyaji Stratocaster tatu halisi za miaka ya 50 na kuzichanganya vipande, anaweza kuzimia. Blackie iliuzwa mnadani 2004 kwa dola 959,500.

Upande wa Gibson habari ni ile ile, tena zaidi. Les Paul zenye rangi ya machweo za 1958 hadi 1960, ambazo leo ni kama vito, hazikuuzika. Gibson ilizisitisha na 1961 ikabadili kabisa umbo la gitaa lile. Ilibidi vijana wa Uingereza, Clapton akiwa mmoja wao, wazipate mitumbani katikati ya miaka ya 60, wazisukume hadi amplifaya inguruke, ndipo ulimwengu ushtuke. Gibson ikalirudisha umbo lile 1968.

Unaona mwendo wake? Kiwanda kinatengeneza. Wanunuzi wanakataa. Bei inaanguka. Anakuja kijana asiye na hela, ananunua kwa sababu ndilo analoweza. Anapiga kitu ambacho hakijawahi kusikika. Watu wanataka sauti ile. Bei inapanda. Halafu tunakaa chini na kuandika kwamba kiwanda kilikuwa na siri, kwamba mbao zilikuwa za kipekee, kwamba mafundi walikuwa malaika. Sifa tunampa mtengenezaji, tunamsahau aliyenunua.

Waliolipia bei ya chini

Miaka ya CBS ilipitia njia hiyo hiyo, ila kwa kuchelewa.

Jimi Hendrix ndiye wa kwanza kuivuruga hoja ya wapinzani. Gitaa jeupe alilopiga asubuhi ya tarehe 18 Agosti 1969 kwenye tamasha la Woodstock ni Stratocaster ya 1968, yenye kichwa kikubwa na kila kitu, na sasa limehifadhiwa makumbusho ya utamaduni wa pop kule Seattle. Hendrix alikuwa wa mkono wa kushoto, akiligeuza gitaa la mkono wa kulia juu chini, hivyo kile kichwa kikubwa kilionekana kimegeuka pia. Picha hiyo ndiyo iliyokaa vichwani mwa watu. Ritchie Blackmore wa Deep Purple naye alizipenda zenye kichwa kikubwa.

Lakini Hendrix na Blackmore walikuwa na hela. Hadithi yenyewe ninayoitaka iko kwa wale wasiokuwa nazo.

Kufikia mwisho wa miaka ya 70, maduka ya rehani ya Marekani yalijaa Fender ambazo hakuna aliyezitaka. Mbaya kuliko zote kisoko zilikuwa Jazzmaster na Jaguar. Zilibuniwa kabla ya CBS, tena kwa bei ya juu, lakini wapiga jazz waliokusudiwa hawakuzichukua. Mtindo wa muziki wa mawimbi wa California ulizipa miaka michache ya uhai, kisha ukapita. Jaguar ilikoma kutengenezwa 1975, Jazzmaster 1980. Nyuzi zake zilikuwa zinaruka kwenye daraja ukipiga kwa nguvu. Zilikuwa na swichi nyingi ambazo watu hawakuelewa kazi yake. Na kando yao kulikuwa na Mustang, gitaa la wanafunzi lililozinduliwa 1964, lenye shingo fupi, ambalo mtu mzima akionekana nalo alidhaniwa amelichukua kwa mdogo wake.

Elvis Costello alisimama na Jazzmaster kwenye jalada la albamu yake ya kwanza, 1977. Tom Verlaine wa Television alikuwa nayo New York. J Mascis wa Dinosaur Jr. amesimulia mara nyingi kwamba alitaka Stratocaster, hela haikutosha, akachukua Jazzmaster. Sonic Youth walizikusanya kwa sababu zilikuwa rahisi: ukitaka magitaa mengi, kila moja na tyuni yake ya ajabu, ukitaka kuyapiga kwa bisibisi na vijiti vya ngoma, hununui Stratocaster ya 1957. Unanunua kile ambacho kikivunjika hutalia.

Kisha 1991. Kwenye video ya wimbo uliowafanya Nirvana wajulikane dunia nzima, Kurt Cobain ameshika Mustang ya 1969 ya buluu yenye mistari ya gari la mashindano. Gitaa la wanafunzi, la miaka ya CBS, mkononi mwa mtu ambaye mwaka uliofuata alikuwa mwanamuziki wa rock anayezungumzwa kuliko wote. Cobain alisema waziwazi kwamba Mustang ndilo alilolipenda zaidi. Gitaa lake jingine maarufu, Jaguar ya 1965, alilipata likiwa limeshatumika na kukorogwa na wengine kabla yake.

Hapo ndipo maduka ya rehani yalipoanza kumaliza stoo.

Wenyewe wanapenda nini

Ukiongea na mtu mwenye gitaa la miaka ile, hatakuanzishia na Cobain. Atakuanzishia na kitu kidogo sana, cha mkononi.

Atakwambia kuhusu ile risasi. Mwisho wa chuma kinachopita ndani ya shingo, Fender ya miaka ya 70 iliweka kichwa cha mviringo kinachojitokeza juu karibu na vifunguo vya tyuni, umbo la risasi. Wapenda urembo wanakichukia. Lakini kwenye Fender za zamani, ukitaka kunyoosha shingo, ulilazimika kulegeza skrubu na kuinyanyua shingo yenyewe ili ufikie sehemu ya kurekebishia. Kwenye hizi unaingiza funguo, unazungusha robo mzunguko, umemaliza, na nyuzi hujazigusa. Mtu anayeishi mahali ambapo Januari ni kavu na Aprili ni maji matupu anajua thamani ya hiyo robo mzunguko.

Atakwambia kuhusu poliesta. Kwamba gitaa limeanguka, limegongwa na mlango, limemwagiwa bia, na baada ya miaka 50 bado linang'aa. Wanasema rangi nene inazuia mbao kupumua, na yeye atakujibu kwamba mbao zilishaacha kupumua siku mti ulipokatwa.

Halafu atakuja kwenye sauti, na hapa ndipo enzi ya CBS ina hoja zake nzito.

Mwaka 1967 Fender ilimwajiri Seth Lover. Huyu bwana ndiye aliyeibunia Gibson, katikati ya miaka ya 50, pikapu ya hambaka: koili mbili zilizopangwa ili kila moja ifute mvumo wa umeme wa mwenzake, huku zikinasa mtetemo wa nyuzi kwa pamoja. Yaani CBS, wale wale wahasibu, walikwenda kumchukua mtu aliyetengeneza silaha kubwa ya mpinzani. Alichowatengenezea Fender hakikuwa nakala. Kilikuwa pikapu kubwa zaidi yenye sumaku ndogo ndogo za aloi ya shaba, nikeli na chuma, na sauti iliyobaki na ule mng'ao wa Fender huku ikiwa na kifua. Iliitwa Wide Range. Ilikaa kwenye Telecaster Thinline mpya na Telecaster Custom za 1972, kisha Telecaster Deluxe. Magitaa hayo hayakuuza sana. Fender ikaacha kutengeneza pikapu ile, na aloi yenyewe ikawa shida kupatikana. Kwa miongo kadhaa Fender ilipouza magitaa ya kufanana nayo iliweka ndani pikapu ya kawaida yenye kifuniko cha umbo lile, na mafundi wadogo wakaishi kwa kujaribu kuirudisha sauti ya asili. Ilichukua hadi 2020 Fender yenyewe kuitengeneza tena kwa aloi ile. Kampuni ilirudi kuifukuzia bidhaa iliyokuwa imeitupa.

Upande wa besi ni hivyo hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 70, pikapu ya nyuma ya Jazz Bass ilisogezwa karibu zaidi na daraja, kama sentimita moja tu. Sentimita hiyo ilibadilisha sauti: ikawa kali zaidi, yenye meno, inayokata. Kwa besi la kupiga kwa vidole polepole, labda hasara. Kwa mtu anayepiga kwa dole gumba na kuvuta uzi kwa kidole, mtindo uliokuwa unakua wakati ule ule, ilikuwa zawadi. Marcus Miller alibeba Jazz Bass ya 1977, akaifanyia marekebisho, akapiga nayo kwa Luther Vandross, akapiga kwa Miles Davis. Mwaka 1998 Fender ikatoa modeli yenye jina lake, iliyoiga besi lile la 1977. Besi la mwaka ambao, kwa mujibu wa vitabu, kiwanda kilikuwa kimeshaharibika.

Kwa nini basi vitabu vilisema vile? Nadhani kwa sababu vilikuwa vinapima wastani, na wenye magitaa wanapima moja, lile lao. Vyote viwili ni kweli. Ukiokota Fender ishirini za 1978 bila kuchagua, utapata nyingi za kawaida na chache za kusikitisha. Lakini hakuna anayepiga wastani. Na haki itendeke kwa pande zote: magitaa ya 1978 yaliyobaki leo yamechujwa. Mabovu yalishafunguliwa na kuuzwa vipande zamani. Yaliyobaki ni yale ambayo mtu fulani aliyapenda kiasi cha kutoyauza. Lakini hoja hiyo inayabana na ya 1957 vilevile. Nayo yamechujwa, tena kwa muda mrefu zaidi.

Mwisho wa miaka ishirini

CBS ilishtuka mwanzoni mwa miaka ya 80. Kampuni za Japani zilikuwa zinauza nakala za Fender ya zamani, nzuri, kwa bei nafuu. Mwaka 1981 wakaletwa viongozi kutoka Yamaha, Bill Schultz na Dan Smith miongoni mwao. Skrubu nne zikarudi, kichwa kidogo kikarudi. Mwaka 1982 kampuni ikaanza kutengeneza marudio ya magitaa yake ya miaka ya 50 na mwanzo wa 60. Lilikuwa kama tamko rasmi: tunakubali, tulipotea.

Mwaka huo huo ikaundwa Fender Japan, magitaa yakitengenezwa na FujiGen katika mji wa Matsumoto. Kwa soko la bei ya chini walifufua jina Squier, lililokuwa la kiwanda cha nyuzi ambacho Fender ilikinunua 1965. Na mwaka 1985 CBS ikauza kila kitu kwa kundi la wafanyakazi wakiongozwa na Schultz. Bei: dola milioni 12.5. Baada ya miaka 20, pungufu ya ilivyonunuliwa, hata kabla hujahesabu thamani ya dola ilivyoshuka. Majengo ya Fullerton hayakuwemo kwenye mkataba. Fender mpya ilikuwa na jina na michoro, haina kiwanda, hadi ilipofungua kingine Corona. Kwa muda, sehemu kubwa ya magitaa iliyouza yalitoka Japani.

Na unadhani nini kilitokea kwa zile Squier za kwanza za Matsumoto, zilizokuwa magitaa ya watu wasioweza kununua Fender? Leo zinatafutwa. Wenye nazo wanasoma namba za herufi JV kwa sauti ile ile ambayo baba zao walitumia kusema "kabla ya CBS".

Bei ya kusifia

Tarehe 20 Juni 2019 David Gilmour wa Pink Floyd aliuza magitaa yake kwa mnada wa Christie's, New York, fedha zikaenda kwa ClientEarth, shirika la wanasheria wa mazingira. Kulikuwa na magitaa mawili ambayo kila mtu aliyangojea. La kwanza lilikuwa Stratocaster nyeupe ya 1954 yenye namba 0001. Kama "kabla ya CBS" ni dini, hilo lilikuwa jiwe lake la msingi. Lilikwenda kwa dola 1,815,000. La pili lilikuwa Stratocaster nyeusi ya 1969, aliyoinunua 1970, akaibadilisha shingo mara kadhaa na kuitoboa, akarekodi nayo albamu zilizomfanya awe Gilmour. Gitaa la miaka ya CBS. Lilikwenda kwa dola 3,975,000, rekodi ya dunia ya gitaa mnadani kwa wakati huo. Mei 2022 Mustang ya buluu ya Cobain nayo ilivuka dola milioni nne.

Mtu atasema fedha zile zililipia mikono, siyo mbao. Nakubali kabisa. Ndiyo hoja yangu yote. Mikono ndiyo iliyokuwa ikilipiwa siku zote, hata kwa yale ya 1957. Tulikuwa tunajidanganya kwamba ni mbao.

Kuna gharama hapa, na wenye magitaa wenyewe wanaijua. Kila anayesifia gitaa lake la 1974 kwa nguvu anamfungia mlango kijana wa leo aliye kama alivyokuwa yeye. Jazzmaster ambayo Mascis aliichukua kwa kukosa hela, kijana wa sasa anaitazama nyuma ya kioo. Mwaka 2022 Fender ilileta marudio ya Stratocaster ya 1973, kichwa kikubwa, risasi, skrubu tatu, mapya kabisa, kwa bei ya gitaa la kitaalamu. Makosa yaliyoiaibisha kampuni sasa yanatengenezwa kwa uangalifu mkubwa, na tundu la shingo safari hii linabana.

Sina ushauri kwa wakusanyaji. Wana wahasibu wao. Kwa asiye na hela ninao mmoja. Gitaa lako unalohitaji halijaandikwa popote bado. Litakuwa na kasoro ambayo kila mtu anaijua, limetoka mwaka ambao watu wanautaja kwa kukunja uso, na muuzaji ataanza kusifia sanduku. Mwache amalize. Kisha lichomeke kwenye amplifaya, ukae nalo nusu saa, na usikilize kwa masikio yako mwenyewe.